Kabla Hujasema Moto Umezimika

Masomo ya kutafakari: Kutoka 20:18-21, Zaburi 139, Yohana 9:1-7



Leo naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja nililokuwa mzee wa kanisa, palikuwa na mama kijana aliyeimba kwaya. Alijifungua mtoto wa miezi saba, na mtoto yule akaishi siku nne. Mwaka uliofuata akapata mimba nyingine, nayo ikaharibika. Ndipo maneno yakaanza. Kwanza yalisemwa kisimani, kisha sokoni, mwishowe yakaingia kwenye kikao chetu cha wazee. Mmoja wetu akasema, "Lisemwalo lipo. Mungu hapigi bure." Akashauri yule mama apumzishwe kwaya mpaka ajitazame mwenendo wake.

Tulikuwa saba kikaoni. Mimi nilijua moyoni kwamba jambo lile si la haki. Lakini niliinamisha kichwa, nikawa nachorachora pembeni ya daftari, na uamuzi ukapita. Jumapili iliyofuata yule mama hakuonekana kanisani. Hakuonekana tena kwa miaka miwili.

Kumbe kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akienda kwake. Alikuwa bibi mjane, hana cheo chochote kanisani, hata kwenye umoja wa akina mama hakuwahi kuchaguliwa. Jioni jioni alimpelekea uji, akaketi naye jikoni, akarudi kwake. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikwenda wakati wengine wote tulikaa mbali, alinijibu kwa mfano wa jiko lake. "Mwanangu, asubuhi mimi siangalii majivu kwa macho. Nanyoosha mkono juu yake. Macho yatakuambia moto umezimika, na mkono utakuambia upo."

Nimebeba maneno hayo kwa muda mrefu. Juma hili yamenirudia kwa njia ambayo sikuitarajia, nikiwa nasoma habari za nyota.

Tuko Juni. Hapa Masasi mvua zimekwisha, usiku una ubaridi, na mbingu ni safi. Ukitoka nje baada ya chakula cha jioni, pale Mkomaindo au popote taa za mji zilipo chache, tazama kusini. Utauona Msalaba wa Kusini, nyota nne zilizokaa kama msalaba. Sogeza macho kulia kwake kidogo. Utaona mahali penye ukungu hafifu, kama mtu aliyepumua juu ya kioo. Wataalamu wa nyota wanapaita Nebula ya Carina. Nuru unayoiona pale ilianza safari yake miaka 7,500 hivi iliyopita, kabla Ibrahimu hajatoka Uru.

Nebula ni wingu la gesi na vumbi, kubwa kupita tunavyoweza kuwaza. Humo ndimo nyota zinamozaliwa. Gesi hujikusanya kwa uzito wake yenyewe, inajibana, inapata joto, mpaka katikati yake moto wa nyota unawaka. Katika mawingu makubwa kama lile la Carina huzaliwa hata nyota kubwa sana, zenye uzito mara nane ya jua letu na zaidi, na nyingine zinapita mara mia.

Lakini kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuona uzazi huo. Vumbi la nebula ni laini kama moshi, nalo huizuia nuru ya kawaida. Watu walielekeza darubini zao pale wakaona mabaka meusi katikati ya nyota. Sir William Herschel, mtazamaji nyota maarufu wa Uingereza, alipokutana na baka kama hilo alidhani ni tundu mbinguni, mahali pasipo na kitu. Leo tunajua kwamba mengi ya mabaka hayo yamejaa kuliko sehemu zinazoyazunguka. Weusi ule ulikuwa pazia la chumba cha uzazi.

Ajabu ni kwamba Herschel huyohuyo ndiye aliyegundua ufunguo. Kabla ya kuwa mtu wa nyota alikuwa mwanamuziki, akipiga kinanda katika kanisa moja mjini Bath. Mwaka 1800 alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu ukagawanyika rangi kama upinde wa mvua, akaweka kipimajoto katika kila rangi. Halafu akakiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote. Kipimajoto kikapanda. Palikuwa na mwanga ambao jicho haliuoni, ila joto lake linapimika. Mwanga huo tunauita infraredi.

Usidhani ni jambo geni kwako. Ile rimoti ya televisheni hutuma infraredi. Wakati wa korona, mlangoni mwa makanisa mengi, mtu alikuelekezea kifaa kwenye paji la uso akasoma joto lako bila kukugusa. Kile kifaa kilikuwa kinasoma infraredi itokayo mwilini mwako. Na bibi yule, aliponyoosha kiganja juu ya majivu, alikuwa anafanya jambo lilelile. Kiganja chake kilipokea mwanga ambao macho yake hayakuweza kuuona.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Infraredi hupenya vumbi ambalo huzuia nuru ya kawaida. Wakulima wa korosho watanielewa upesi. Msimu huu wa kupuliza salfa, asubuhi mapema, mtu akiingia shambani na mashine yake mgongoni, vumbi la salfa humfunika pamoja na mikorosho. Humwoni. Lakini unaisikia mashine, unajua yuko wapi na anakwenda wapi. Sauti inapita mahali ambapo nuru inashindwa. Ndivyo infraredi inavyopita katika vumbi la nebula na kutuletea habari za waliomo ndani.

Kwa sababu hiyo wanadamu wametengeneza darubini za infraredi na kuzipeleka angani. Ilikuwapo iliyoitwa Spitzer, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 2003 hadi 2020. Kisha ikaja kubwa kuliko zote, James Webb. Hiyo ilirushwa siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2021, kutoka Kourou huko Guyana ya Ufaransa. Kwa saa zetu ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Wengi wetu tulikuwa tumetoka ibadani, tunakula wali. Nusu saa baadaye darubini ile ilikuwa imekwisha kuachana na roketi yake, na miongoni mwa masikio ya kwanza kupokea mawimbi yake yalikuwa ya kituo cha Malindi, pwani ya Kenya. Naam, Malindi hii ya Waswahili. Tulipokuwa tukiimba habari za mtoto aliyezaliwa gizani Bethlehemu, mwambao wetu ulikuwa unasikiliza chombo kilichotumwa kwenda kutazama uzazi unaofanyika gizani.

Tarehe 12 Julai 2022 picha zake za kwanza zilionyeshwa ulimwengu. Moja ilikuwa ya ukingo wa Nebula ya Carina. Ukiitazama utadhani ni magenge ya milima wakati wa machweo. Mimi ilinikumbusha Newala, pale Shimo la Mungu, uwanda wa juu unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likalala chini likiwa limefunikwa ukungu. Lakini vilele vya lile genge la mbinguni, nuru huchukua miaka saba hivi kuvipanda kutoka chini hadi juu. Na ndani yake zilionekana nyota changa nyingi ambazo picha za awali hazikuzionyesha. Septemba mwaka uleule ikaja picha ya Nebula ya Tarantula, iliyo mbali miaka ya nuru 161,000, ambako zimo baadhi ya nyota nzito kuliko zote tunazozijua. Vumbi halikuwa limepungua hata chembe. Kilichobadilika ni namna ya kutazama.

Najua kuna msomaji atakayeuliza, "Mambo haya ya mamilioni ya miaka yanapatanaje na Biblia?" Ni swali la haki, na sitalimaliza kwa safu moja ya gazeti. Nitasema hivi tu. Ayubu aliulizwa na Mungu kama anaweza kuifunga Kilimia au kuifungua Orioni, naye akanyamaza. Anayechunguza nyota kwa unyenyekevu anasogea karibu na mahali Ayubu aliponyamazia. Na Bwana wetu, katika Yohana sura ya 5, alisema kwamba Baba yake anaendelea kufanya kazi hata sasa. Nyota zinazozaliwa leo hazinipunguzii imani. Zinaniambia karakana ya Mungu haijafungwa.

Basi, ndugu msomaji, nirudi kwenye kikao chetu cha wazee saba.

Kosa letu lilikuwa lilelile la kuona baka jeusi na kusema ni tundu. Tuliona giza katika maisha ya mtu tukatangaza kwamba Mungu hayumo. Biblia tuliyokuwa nayo mezani ilikuwa inatuonya, wala hatukuifungua. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba pale Sinai watu walisimama mbali kwa hofu, naye Musa akalisogelea lile giza nene, kwa sababu Mungu alikuwa humo. Mtunga zaburi ya 139 anamkiri Mungu ambaye kwake giza na nuru ni sawa, aliyemfanya sirini ndani ya tumbo la mama yake. Na wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa kutafuta mwenye dhambi, ni yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe. Halafu akainama, akatengeneza tope kwa mikono yake.

Sisi tulilipenda swali la wanafunzi kuliko jibu la Bwana.

Hata historia ya Ukristo wa huku kusini ingepaswa kutufundisha. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Kwa macho ya wakati ule walikuwa watu wasio na ukoo wala kwao, waliokuwa wamehesabiwa kama mizigo. Wakaanza maisha chini ya miamba hii. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1882, Wamagwangwara wakavamia, nyumba zikateketea, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa, na misheni ikahamia Newala. Baadaye ikarudi. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, Masasi ikachomwa tena. Mtu angepita hapa katika moja ya miaka hiyo angeona majivu. Angesema yamekwisha. Leo wewe unayesoma haya ukiwa umetoka ibadani Masasi, Newala au Ndanda, jua kwamba imani hapa imewahi kupita katika majivu mara mbili.

Lakini nataka kuwa mkweli, maana mahubiri mepesi nayo huumiza. Sitakuambia kwamba kila wingu litazaa nyota. Wataalamu wanasema ni sehemu ndogo tu ya gesi ya mawingu yale inayogeuka kuwa nyota, na nyingine hutawanyika. Na nyota kubwa zikishazaliwa, upepo na mionzi yake hulichana wingu lililozizaa. Mahali pengine huibana gesi ikazaa nyota mpya, mahali pengine huifukuza, na nyota ambazo zingezaliwa hazizaliwi. Ni mambo mazito. Kwa hiyo sitamwambia mama aliyezika mtoto wa siku nne kwamba ngoja, kuna baraka nyuma yake. Pengine ipo, na pengine katika maisha haya hataiona. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, nami nakisema kwa uhakika zaidi. Hatuna mamlaka ya kusoma giza la mtu kwa macho yetu na kulitolea hukumu. Ayubu alikuwa na rafiki watatu waliokuwa wema kwa siku saba, walipokaa naye chini bila kusema. Walianza kukosea walipofungua midomo kueleza sababu.

Kuna jambo lingine kuhusu darubini ya Webb lililonichoma. Kila chenye joto hutoa infraredi, hata darubini yenyewe. Ingekuwa na joto, mwanga wake mwenyewe ungefunika mwanga hafifu wa nyota changa. Kwa hiyo imepelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na imekingwa na jua kwa kivuli chenye tabaka tano, upana wake kama uwanja wa tenisi. Kifaa chake kimoja hupozwa hadi karibu nyuzi 266 chini ya sifuri. Ili isome joto la mwingine, lazima lake litulie.

Ndugu msomaji, hapo ndipo wazee saba tuliposhindwa. Tulikuwa na joto letu wenyewe. Mmoja alikuwa na hofu kuhusu jina la kanisa. Mwingine alikuwa na ugomvi wa shamba na baba mkwe wa yule mama. Mimi nilikuwa na hamu ya kupendwa na wenzangu. Tukiwa na joto hilo lote, tungewezaje kusikia jambo dogo lililokuwa linapumua ndani ya moyo wa yule mama? Bibi mjane hakuwa na jina la kulinda wala kiti cha kutetea. Ndiyo maana mkono wake ulisoma.

Na neno moja kwa wakubwa, nikiwamo mimi. Nyota kubwa hung'aa kuliko nyingine zote, lakini huishi muda mfupi. Jua letu lina umri wa miaka bilioni 4.6 na bado ni la makamo. Nyota kubwa kabisa humaliza mafuta yake kwa miaka milioni chache, kisha hulipuka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya oksijeni tunayoivuta ilipikwa ndani ya nyota kubwa zilizokufa zamani, zikaitawanya zilipokufa. Ukubwa wao haukubaki kwao. Mwenye cheo kanisani ajiulize: nikiondoka, nitakuwa nimeacha hewa ya wengine kuvuta, au nitakuwa nimewachoma tu waliokuwa karibu?

Nihitimishe kwa maombi matatu, nayo nayaelekeza kwetu sote tunaokaa viti vya mbele.

La kwanza, kanisa lisimsimamishe mtu huduma kwa sababu ya msiba, ugonjwa, utasa, kufeli mtihani au kukosa kazi. Misiba si mashitaka. Na panapokuwa na kosa la kweli, Bwana ametupa utaratibu katika Mathayo 18, unaoanza kwa watu wawili peke yao, uso kwa uso. Haukuanzia kisimani.

La pili, kabla jina la mtu halijafika mezani kwenye kikao, awepo mjumbe aliyekwisha kuketi nyumbani kwake. Hakuna anayesoma joto akiwa mbali na jiko. Kama hakuna aliyekwenda, kikao kiahirishwe mpaka mtu aende.

La tatu, ukiwa mzee au mchungaji na ukajua kwamba neno linalosemwa si la haki, usiinamishe kichwa. Kunyamaza kwangu kulihesabiwa kuwa kura.

Yule mama alirudi kanisani baada ya miaka miwili. Hakurudi kwaya. Hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, pembeni ya mahali alipokuwa akikaa bibi yule mpaka Mungu alipomwita. Hajawahi kutuambia ni nini kilichomrudisha, wala hatuna haki ya kudai atuambie. Nilikwenda kwake mwaka jana kuomba msamaha. Alinitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Karibu ukae, baba. Chai ipo." Nilikaa. Sijui kama amenisamehe. Najua kwamba pale jikoni palikuwa na joto.

Usiku wa leo, mawingu yakikuruhusu, toka nje uangalie kusini, kulia kwa Msalaba. Tazama ule ukungu mdogo, ukumbuke kazi inayofanyika ndani yake bila macho yako kuiona. Halafu fikiri ni nani katika mtaa wako umekwisha kusema moyoni kwamba moto wake umezimika. Kesho nenda, umpelekee uji, ukae. Maneno yanaweza kungoja.

Tuombe: Ee Bwana, ambaye giza halikufichi kitu, tusamehe hukumu tulizotoa kwa yale tusiyoyaona. Tuliza joto letu, ili tutambue kazi yako ndani ya jirani zetu. Wafariji wale ambao wingu lao halijatoka. Kwa jina la Yesu. Amina.

Jumapili njema.